Umetoa miche nje na sasa imelala? Tafuta sababu kabla ya kushika mkebe wa maji

Maelekezo mengi ya kuhamisha miche yanayozunguka mitandaoni yaliandikiwa nchi za baridi. Utaambiwa ungoje barafu ipite, ufunike miche usiku, usitoe kitu nje kabla ya majira ya joto. Mombasa usiku hauui mche wa nyanya kwa baridi. Kinachoua huku huja mchana: jua la saa sita, upepo wa bahari, chumvi ya kisima, na maji anayomwaga mwenye mche kwa huruma. Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi, maana ndilo rahisi kuepuka. Mche ukilala, mkono unakimbilia mkebe. Ikiwa umelala kwa sababu mizizi inaoza, maji hayo ndiyo yanayoumalizia.

Basi kabla ya kumwagilia, jibu maswali matatu. Umelala saa ngapi, mchana tu au hata alfajiri? Majani yaliyoharibika yako wapi: juu, chini, au upande mmoja unaotazama bahari au jua la magharibi? Na udongo ukoje ukitia kidole hadi pingili ya pili, si pale juu panapokauka kwa nusu saa? Ukishapata majibu, nenda kwenye dalili inayofanana na yako.

Inalala mchana, jioni inasimama

Huo si ugonjwa. Mche ukihamishwa hupoteza sehemu kubwa ya vijizizi vile vyembamba vinavyofyonza maji, na vilivyobaki haviwezi kulisha majani yote jua likiwa kali. Majani yanalegea ili yapunguze kutoa maji. Jua likishuka, hesabu inasawazika na mche unainuka. Kipimo chako ni saa moja asubuhi: ukiukuta umesimama, majani yamejaa, uko salama hata kama jana saa nane ulionekana umekufa. Hali hii huchukua siku tatu hadi tano, pengine wiki kwa biringani na pilipili, ambazo huchelewa kushika.

Unachohitaji hapa ni kivuli, si maji zaidi. Makuti ya kumba yaliyowekwa juu ya fito nne yanatosha, na pengine ni bora kuliko neti, kwa sababu yanapitisha vijimwanga na upepo. Ukinunua neti ya kivuli, chukua ile ya asilimia 50. Ya asilimia 80 ni ya maua ya ndani, mboga chini yake hurefuka bila nguvu. Iinue sentimita hamsini au sitini juu ya miche, hewa ipite. Karatasi ya nailoni iliyolazwa juu ya miche mchana hugeuka oveni, na nimeona kitalu kizima cha sukuma wiki kikipikwa namna hiyo kabla ya adhuhuri.

Kuna jambo watu hulisahau kuhusu kivuli chetu. Mombasa iko karibu nyuzi nne kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana hubadili upande. Mwezi wa Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, na wiki za mwanzo za Machi na Oktoba linakaa juu ya utosi kabisa. Ukuta uliokupa kivuli kizuri upande wake wa kaskazini mwezi wa Desemba hautakupa kitu hapo hapo mwezi wa Juni. Kinga ya juu na ya upande wa magharibi ndiyo inayofaa mwaka mzima, kwa sababu jua la alasiri ndilo linalokuta udongo umeshapata moto na maji yameshapungua.

Na kama bado hujahamisha, hamisha saa kumi na moja jioni, au siku yenye mawingu. Mwagilia kitalu saa moja kabla, ili udongo ushikane na mizizi. Ushike mche kwa jani, usiubane shina: jani litaota jingine, shina ni hilo moja tu.

Majani yamegeuka meupe kama karatasi

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na karibu kila mara mwulizaji anataka jina la dawa.

"Mwanangu, hii miche ya tungule nimeitoa roshani Jumamosi, leo Jumatatu yote ina mabaka meupe. Niipulizie nini?"

"Si ya kupulizia, shangazi. Imeungua jua."

"Jua? Si mboga zinataka jua?"

"Zinataka. Lakini hizi zimelelewa ndani, hazijalizoea."

Jani lililokua kivulini ni jembamba, halina ile nta ya juu inayolikinga. Ukilitoa ghafla kwenye jua kali, sehemu iliyo wazi hupauka siku ya kwanza au ya pili, halafu inakauka. Utalitambua kwa mambo mawili. Kwanza, mabaka yako kwenye majani ya juu na yale yanayotazama jua. Pili, pale ambapo jani moja limefunikwa na jingine, sehemu iliyofunikwa imebaki kijani na mpaka wake unaonekana wazi. Ugonjwa wa ukungu hauheshimu kivuli cha jani jirani namna hiyo.

Mabaka hayo hayatarudi kijani. Usikate jani, maana nusu iliyobaki bado inafanya kazi. Ngoja majani mapya, ambayo yatatoka magumu zaidi. Ikiwa kile kikonyo cha katikati kinachotoa majani kimekauka pia, anza upya.

Kuzoesha miche hakuhitaji vifaa, kunahitaji wiki moja hadi siku kumi za kutokuwa na haraka. Siku mbili za mwanzo iweke nje penye kivuli cha wazi, chini ya mwarobaini kwa mfano, ambako mwanga unapita katikati ya majani. Kisha ipe jua la asubuhi peke yake, saa moja hadi saa mbili unusu, uirudishe kivulini. Ongeza saa moja kila siku. Jua la kuanzia saa tano hadi saa tisa uliache la mwisho kabisa, siku ya saba au ya nane. Katika siku hizo punguza maji kidogo, udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena, lakini usiuache mche ulale. Usiipe mbolea ya chumvichumvi inayochochea majani, kwa sababu majani laini ndiyo unayojaribu kuyakomaza.

Miche ya kununua nayo uiulize ilikokuwa. Iliyokaa chini ya neti hadi siku ya kuuzwa ni sawa na ya ndani, hata kama shina lake linaonekana nene.

Kingo za majani zimekauka, katikati kijani

Hapa mtu wa bara angesema mche una kiu. Wa Mombasa aonje maji kwanza.

Visima vingi vya kisiwani na vya ukanda wa ufuo, kuanzia Likoni hadi Shanzu, vina chumvi kwa kiasi fulani, na huzidi wakati wa kiangazi maji ya mvua yanapopungua chini. Mti mkubwa huvumilia. Mche wenye majani manne hauwezi. Chumvi ikijaa kwenye udongo huzuia mizizi kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa, na ile inayoingia husafirishwa hadi mwisho wa jani na kubaki hapo. Ndiyo maana ncha na kingo huungua kwanza, na majani ya zamani hutangulia. Angalia pia utando mweupe kwenye mdomo wa ndoo uliyopandia au juu ya udongo uliokauka.

Kupima hakuna haja ya mashine. Ikiwa chai iliyopikwa kwa maji hayo ina ladha ya chumvi, mche umeisikia kabla yako. Kama unanunua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni, onja kila mara, kwa sababu leo yanaweza kuwa ya mfereji na kesho ya kisima.

La kufanya linakwenda kinyume na mazoea. Wengi wakiona kingo zimekauka hunyunyiza maji kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Kila tone la maji ya chumvi likikauka linaacha chumvi yake palepale, kwa hiyo kidogo kidogo ndiyo njia ya haraka ya kuijaza. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi, hadi maji yatoke chini ya ndoo au yazame vizuri tutani, ili yasukume chumvi ipite mizizi. Changanya ya kisima na ya mfereji au ya mvua, nusu kwa nusu, wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo mche una nguvu zaidi. Funika udongo kwa makumbi yaliyochambuliwa au majani makavu, maana maji yasiyopaa juu hayaachi chumvi juu. Ila makumbi mabichi nayo huwa na chumvi yake: yaloweke kwa maji yasiyo na chumvi, umwage, urudie, kabla ya kuyatumia.

Na usimwagilie majani maji ya chumvi mchana. Watu husema tone la maji huchoma jani kwa kukusanya jua. Kwa majani laini ya mboga hilo halina ukweli mkubwa. Kinachochoma ni chumvi inayobaki tone likikauka.

Ukiwa na kisima cha chumvi na huna jinsi, chagua mboga. Maharagwe, karoti na vitunguu huathirika mapema. Spinachi na biti huvumilia kuliko nyingine, nyanya ziko katikati.

Upande mmoja tu umekauka, au mche umelegea chini

Kama majani yaliyokauka yote yanatazama bahari, ni upepo na manyunyu ya chumvi. Nyumba za mstari wa mbele Nyali, Bamburi au Shelly hukutana na hili zaidi wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, upepo unapotoka kusini mashariki moja kwa moja majini. Suuza majani kwa maji matamu jioni baada ya siku ya upepo mkali.

Dalili nyingine ya upepo iko chini. Tazama shina linapoingia udongoni: ukiona kishimo cha duara kimechimbika kulizunguka, mche umekuwa ukichezeshwa na mizizi mipya inakatika kila siku. Jaza udongo, shindilia kwa vidole, weka kijiti na uufunge kwa uzi uliolegea wenye umbo la nane.

Usijenge ukuta mzima kukinga upepo. Upepo ukigonga ukuta hupanda na kushuka nyuma yake kwa vurugu, na hapo nyuma ndipo miche huvunjika. Uzio wa makuti au vijiti unaopitisha karibu nusu ya upepo hukinga vizuri zaidi, na kinga yake hufika umbali wa mara tano hadi kumi ya kimo chake.

Shina limekatika, mche umelala pembeni au umetoweka

Hapa unafanya kazi ya upelelezi, na ushahidi huharibika jua likichomoza. Nenda alfajiri.

Mche umekatwa usawa wa udongo, sehemu ya juu imelala palepale, majani hayajaguswa. Huyo ni sota, kiwavi anayekata shina usiku na kujizika mchana. Chukua kijiti, chimbua taratibu kuzunguka kisiki, mduara wa sentimita kumi, kina cha pingili moja au mbili za kidole. Utamkuta kiwavi mnene, rangi ya udongo, ngozi yake inang'aa kidogo, amejikunja mduara na hatikisiki ukimgusa. Mponde. Mmoja anatosha kukumalizia miche minne au mitano ya mstari mmoja, usiku baada ya usiku, ndiyo maana kumtafuta kuna faida kuliko kupuliza. Miche iliyobaki ivishe kola: kata chupa ya maji vipande vya urefu wa sentimita nane hivi, kizungushie kila mche kipande kimoja na ukizamishe sentimita tatu udongoni. Kikombe cha karatasi kilichokatwa kitako kinafaa pia. Magugu yaliyolala bustanini wiki mbili kabla ya kupanda ndiyo makazi yake, kwa hiyo ardhi isafishwe mapema, si siku ya kupanda.

Mche haupo kabisa, na karibu pana tundu dogo lenye vipande vya majani mdomoni. Nyenje huyo. Huburuta. Kola ileile inamzuia.

Majani yametafunwa ovyo, mengine yamebaki mishipa, na kuna mstari unaong'aa umekauka juu ya udongo au ukutani. Konokono, na huku pwani tunao wale wakubwa wanaotoka kwa mamia baada ya mvua. Tochi na ndoo saa mbili usiku hufanya kazi kuliko dawa yoyote niliyowahi kuiona. Kwa asiyetaka kutoka usiku, laza gunia lililolowa au ubao kando ya tuta; asubuhi uinue, watakuwa wamejibanza chini yake. Vaa glavu, konokono hawa huweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu, na uoshe mboga zako vizuri.

Kuhusu jivu, kila mtu hulisifia kwa konokono. Linafanya kazi likiwa kavu tu, yaani hadi umande au mkebe wa kwanza. Halafu udongo wetu uliotokana na matumbawe tayari ni wa chokaa. Jivu huongeza kile ambacho kimezidi. Kiganja kimoja hapa na pale hakidhuru. Ndoo nzima kila wiki itakuletea umanjano nitakaouzungumzia chini.

Mche umeng'olewa mzima na mizizi yake, umeachwa juu ya udongo. Huyo ana mabawa. Kunguru wa Mombasa hana njaa ya sukuma wiki, anatafuta mdudu au anachezea tu, lakini mche uliong'olewa saa moja asubuhi ukaonekana saa tatu hauna maisha. Ukiuwahi, urudishe, uupe kivuli. Tandaza neti kuukuu ya mbu au ya kuvulia juu ya vijiti hadi miche ishike, wiki mbili hivi. Udongo uliopekuliwa na kurushwa huku na huku ni kuku wa jirani, na hilo lina utatuzi wake wa kibinadamu.

Jongoo husingiziwa sana. Chakula chake hasa ni vitu vilivyooza. Msimu wa mvua nyingi huweza kutafuna mche laini, lakini ukimkuta karibu na mche uliokufa, mara nyingi amekuja mazishini.

Shina limesinyaa usawa wa udongo, mche umeanguka bila kukatwa

Tofauti na sota: hapa shina halijakatika, limekuwa jembamba, limelowa, pengine rangi ya kahawia, halafu likapinda. Leo miwili, kesho kumi, kwa duara linalopanuka. Ni kinyausi, ukungu wa udongoni unaopenda miche iliyosongamana, udongo usiokauka na hewa isiyopita. Mei, mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, ndio msimu wake, lakini mkebe wako unaweza kuuleta hata Februari.

Mche ulioanguka hauponi. Ng'oa pamoja na ile ya jirani inayoonekana mizima, acha kumwagilia hadi juu pakauke, fungua kivuli hewa ipite. Kwa kusia upya, punguza mbegu, mwagilia asubuhi badala ya magharibi, na utumie udongo mpya. Udongo wa zamani unaweza kuumwagia maji yanayochemka, au kuulowesha na kuufunika nailoni isiyo na rangi juani wiki nne hadi sita. Jua letu kwa kazi hiyo halina mfano. Mvua za masika zikikukuta miche iko nje, inua tuta sentimita ishirini, na ufunike kwa nailoni juu ya matao ikiwa imeachwa wazi ncha zote mbili.

Imelala hata alfajiri, na udongo umelowa

Ng'oa mmoja. Huwezi kujua bila kung'oa, na watu hukataa kwa kuuonea huruma huku wakipoteza ishirini.

Mizizi ikiwa ya kahawia, inanuka uchachu, ngozi yake inachubuka ukiivuta na kubaki uzi wa ndani, imezama maji. Toboa ndoo, matundu manne au matano upana wa kidole, uiinue juu ya vipande viwili vya tofali ili matundu yasizibwe na sakafu. Usiweke kokoto chini ukidhani zinasaidia. Maji hutuama juu yake vilevile.

Mizizi ikiwa myeupe, mizima, na mche wa nyanya au biringani umenyauka ukiwa bado kijani, shuku mnyauko wa bakteria. Kama shina limeshanenepa, likate, lining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Uzi mweupe wa maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ndiyo wenyewe. Hakuna dawa. Ng'oa, choma, usitupe kwenye mboji, na usipande nyanya, biringani, pilipili wala viazi mahali hapo kwa miaka kadhaa. Panda mchicha, mahindi au kunde. Osha jembe na mikono kabla ya kwenda tuta jingine.

Na kama udongo una harufu kali inayochoma pua, ni mbolea ya kuku ambayo haijaoza. Hiyo huunguza mizizi kwa siku mbili tatu. Iache ikae miezi miwili au zaidi kwenye lundo lililofunikwa kabla haijakaribia mche.

Miche ya darini inakauka ingawa ina maji

Kwa wakazi wa maghorofa na wa Mji wa Kale wanaolima juu ya paa. Shika ubavu wa ndoo saa nane mchana. Ikiwa huwezi kuweka kiganja ukahesabu hadi kumi, mizizi inayougusa ubavu ule inakufa. Ndoo nyeusi na mifuko myeusi ya miche ndiyo mibaya zaidi. Ipake chokaa nje, au izungushie gunia. Iinue isikae juu ya saruji. Ipange pamoja ili zile za ndani zikingwe na za nje, na upande wa magharibi uweke kitu chochote kirefu. Usiimwagilie maji yaliyolala ndani ya mpira juani. Yaache yatoke hadi yapoe.

Manjano, zambarau, au mirefu myembamba

Majani mapya yana rangi ya manjano na mishipa yake imebaki kijani: upungufu wa madini ya chuma. Chuma kipo udongoni, ila chokaa ya matumbawe inakifunga. Mboji nyingi shimoni, acha jivu, na ukiwa na haraka, nunua agroveti chuma cha kupuliza majani, upulizie jioni. Majani ya chini ndiyo ya manjano yote: naitrojeni, samadi iliyooza itatosha. Shina na upande wa chini wa majani vikiwa zambarau, ni upungufu wa fosfeti. Vitabu vya nchi za baridi husema ni baridi, huku si hiyo. Kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya DAP kilichochanganywa na udongo wa chini ya shimo, kikafunikwa ili mizizi isikiguse, kinatosha.

Majani yamejikunja kwenda juu, madogo, na ukitikisa mche vinaruka vidudu vyeupe: nzi weupe wameshaleta virusi. Ng'oa mche huo leo. Ile iliyobaki ikinge kwa neti yenye matundu madogo sana. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyolowekwa usiku kucha hupunguza nzi, lakini jaribu kwanza kwa mche mmoja, jioni.

Mirefu inayoegemea upande mmoja imekosa mwanga. Ya nyanya izike shina hadi karibu na majani ya kwanza, itaotesha mizizi hapo. Sukuma wiki vilevile. Pilipili usiizike sana.

Ipo hai, lakini haikui

Wiki tatu zimepita, haijafa, haijaongeza jani. Kwa bamia, kunde na karoti jibu ni fupi: hazipendi kuhamishwa, zipande mbegu moja kwa moja zitakapokaa. Kwa nyingine ng'oa mmoja uangalie umbo la mizizi. Ikiwa imezunguka kwa duara lenye umbo la mfuko, ilikaa kitaluni mno; ikate kwa wembe pande tatu, urudishe. Ikiwa imegonga mwamba, jambo la kawaida pwani ambako pengine chini kidogo tu ni jiwe, hapo ni kuinua tuta au kuhamia kwenye magunia.

Ukiona vifundo vidogo vimevimba kwenye mizizi yenyewe, visivyobanduka ukivisugua, ni minyoo fundo, inayopenda udongo wetu wa mchanga. Usivichanganye na vifundo vya kunde, ambavyo vimebandikwa ubavuni na vinatoka kwa kucha; hivyo ni vya faida. Nyanya, bamia na biringani usizirudishe hapo msimu ujao. Panda marejea, mmea wa kurutubisha udongo, uilime na kuifukia ikianza kutoa maua, kisha mwaga samadi iliyooza kwa wingi kabla ya kuleta miche mingine.